Nyumba za Pangani na Vyumba vya Dandora

Mwanafunzi akiulizwa na mwalimu wake atakuwa nani baada ya kuhitimu masomo, aghalabu hujibu kwa kutaja kazi: atakuwa daktari, au mwanasheria, au rubani wa ndege. Akiulizwa tena huyo daktari atalala wapi, na nyumba atakayolala itakuwa mali ya nani, huenda akacheka, maana swali lenyewe laonekana dogo mno. Walakini, ndugu msomaji, tangu reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, maelfu ya watu wameingia katika mji huo na swali hilo mioyoni mwao. Wako waliolijibu kwa jasho lao, na wako waliolijibu kisha jawabu likafutwa mbele ya macho yao. Habari zao ndizo nitakazokusimulia hapa, kwa kuwa mtu anayejiwekea lengo la kuwa na nyumba hufaidika akijua wenziwe wa zamani walijikwaa wapi.

Katika miaka ya kwanza ya mji wa Nairobi, Mwafrika hakupangiwa mahali pa kukaa. Serikali ya wakoloni ilitaka kazi ya mikono yake mchana; habari za usiku wake haikuzijali sana. Basi watu wakajijengea vijiji pembezoni mwa mji. Kimoja kiliitwa Mombasa, kingine Maskini, kingine Kaburini. Na kilichodumu kuliko vyote kilikuwa Pangani. Humo walikaa Waswahili waliotoka pwani, wapagazi wa zamani waliochoka na misafara, na watu wa bara waliokuja kutafuta fedha, maana tangu mwaka wa 1901 serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi kwa kila kibanda, na kodi hiyo haikulipwa kwa maneno matupu.

Nyumba ya Pangani ilijengwa kwa miti na udongo, na juu yake palikuwa na nyasi, au madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyoshwa yakawa mabati. Mpango wake ulikuwa ule wa pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma kwa ajili ya kupikia na kufulia. Nakusihi uutazame vizuri mpango huo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hesabu nzima ya mwenye nyumba. Yeye alilala katika chumba kimoja, na vile vingine akavipangisha. Wapangaji walimletea kodi kila mwezi. Kodi ile ilinunua miti na madebe. Na miti na madebe ilisimamisha nyumba ya pili. Hakuna benki iliyomkopesha, wala hapakuwa na karani aliyemwandikia mpango wa matumizi. Alijua tu kwamba fedha inayoingia mara moja huliwa mara moja, bali inayoingia kila mwezi yaweza kuzaa nyingine.

Si wachache kati ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Jambo hili yafaa tulikumbuke, kwa kuwa vitabu vingi vya shule hupita juu yake. Mwanamke aliyefika Nairobi katika miaka ya 1910 na 1920 mara nyingi alikuwa ameondoka kwao kwa dhiki: mjane aliyenyang'anywa shamba, au binti aliyeikimbia ndoa asiyoitaka, au mke aliyekosa mtoto akadharauliwa. Kijijini, ardhi ilikuwa ya baba, ya mume au ya mwana. Yeye alilima tu. Mjini aliuza vyakula, alipika pombe, na wengine walifanya kazi ambazo wazee hawapendi kuzitaja mbele ya watoto. Kwa fedha hiyo alijenga nyumba, na nyumba ile ikawa yake peke yake. Aliyekosa mrithi wa damu aliweza kumlea binti wa mwingine kama wake, ili nyumba isije ikabaki bila mtu. Sijui kama neno lengo lilikuwa limeingia katika mazungumzo ya watu hao. Lakini mtu anayejinyima miaka kumi ili asije akamwomba tena mtu mahali pa kulaza kichwa, huyo ana lengo, hata kama hakuliandika katika daftari.

Sasa tutazame upande wa pili. Nyumba ilikuwa yao, ardhi je? Kwa sheria za wakoloni, ardhi iliyokuwa chini ya kuta zile ilikuwa mali ya serikali. Watawala walikuwa wameshikilia wazo kwamba Mwafrika ni mgeni wa mjini, mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Na mgeni hapewi hati ya kiwanja. Tangu mwaka wa 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuchukua kipande, na katika kipande hicho iliandikwa kazi yake na bwana wake. Aliyekosa bwana aliweza kuulizwa anafanya nini mjini. Vijana waliokaa katika majumba ya Reli, kwa mfano, walipata paa juu ya vichwa vyao maadamu kazi ingalipo. Kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Waweza kuona, basi, kwa nini nyumba ya udongo ya Pangani ilikuwa na thamani kubwa kuliko udongo wake. Ilikuwa karibu mahali pekee ambapo Mwafrika wa Nairobi aliweza kukaa bila ya kumtegemea aliyemwajiri.

Baraza la Mji halikukipenda kijiji hicho. Mnamo mwaka wa 1922 lilikuwa limefungua mtaa wa Pumwani, likawapa watu viwanja wajijengee humo, na vijiji vingine vidogo vikavunjwa. Pangani nayo ilihukumiwa kubomolewa, ila hukumu ilikawia miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwapeleka watu wake. Hatimaye, katika mwaka wa 1938 na 1939, hukumu ikatimizwa. Nyumba zilizojengwa kwa akiba ya miaka thelathini zikaangushwa, na baadaye mahali hapo pakajengwa mtaa mpya wa Wahindi. Ardhi haikulipiwa fidia, kwa sababu mbele ya sheria hapakuwa na Mwafrika wa Pangani aliyekuwa na ardhi. Baadhi ya wenye nyumba walipewa nafasi katika mtaa wa Shauri Moyo, uliojengwa na Baraza. Walakini nafasi ile ilikuwa ya maisha yao tu, si ya kuwarithisha watoto. Wazee husimulia kwamba hata jina la mtaa huo limetoka katika maneno ya watu waliohamishwa: waliulizwa kama watakubali kwenda, wakajibu kwamba hilo ni shauri la moyo wa mtu mwenyewe.

Fikiri kidogo, msomaji, juu ya watu hao. Hawakuwa wavivu. Hawakutapanya fedha. Kila jambo ambalo wahubiri wa uwekaji akiba hutufundisha walikuwa wamelifanya: walijua wanataka nini, walijinyima, walianza kwa kidogo, walitumia faida kuzalisha faida. Kosa lao, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kwamba walijenga juu ya ardhi isiyokuwa na jina lao, katika nchi ambayo sheria haikuwaruhusu kuliandika. Ndiyo maana mimi sipendi kusikia mtu akisema kwamba maskini ni maskini kwa kukosa mipango.

Tena mshahara wenyewe ulikuwa haba. Tangu mwaka wa 1910 palikuwa na benki ya akiba katika posta, na mtu aliweza kuweka humo fedha chache akapewa kitabu. Lakini ataweka nini yule ambaye mshahara wake haumtoshi kula? Mwaka wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika. Ilikuta kwamba katika miji, karibu nusu ya wafanyakazi wa kampuni na watu binafsi walipata mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Ndiyo kusema, mshahara ulihesabiwa kwa kudhani kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba kijijini. Kamati ilishauri kwamba polepole hesabu ibadilishwe, mshahara utoshe jamaa nzima. Shauri hilo lilikuwa jema, ila mtu aliyekuwa na miaka arobaini wakati huo alikuwa amekwisha kupoteza miaka ishirini ya kuweka akiba.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, kizuizi cha rangi kikaondolewa, na Mwafrika akaweza kununua nyumba popote penye fedha ya kununulia. Serikali ikaanzisha vyombo vya kusaidia: mwaka wa 1965 iliundwa kampuni ya kukopesha fedha za nyumba, Housing Finance Company of Kenya, na mwaka wa 1967 likaundwa Shirika la Taifa la Nyumba. Mitaa kama Buru Buru, iliyojengwa katika miaka ya 1970, iliuzwa kwa watu wenye mishahara ya kadiri, wakalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Karani wa serikali na mwalimu wa shule ya sekondari walifaidika. Mfagiaji wa barabara na mama wa sokoni hawakuweza kuukaribia mlango wa afisi ile, kwa maana mkopo wa nyumba hutaka mshahara unaojulikana na kazi isiyoyumba.

Na mji ulikuwa ukifura. Hesabu ya mwaka wa 1969 ilikuta watu 509,000 hivi katika Nairobi. Ile ya mwaka wa 1979 ilikuta karibu 828,000. Wengi wao walikaa katika vibanda vya maboksi na mbao, na Baraza la Jiji likawa linabomoa leo, watu wanajenga kesho. Mwishowe serikali iliona kwamba haitaweza kumjengea kila mtu nyumba, wala haitaweza kuwafukuza watu wote. Ndipo ulipotokea mpango wa Dandora.

Mpango huo ulikubaliwa mwaka wa 1975 kati ya serikali ya Kenya na Benki ya Dunia. Ulikusudia viwanja vipatavyo 6,000, mashariki ya jiji. Mtu hakupewa nyumba. Alipewa kiwanja kilichopimwa, chenye maji, mfereji wa maji machafu, choo na mahali pa kuogea. Na mkopo mdogo wa kununulia vifaa. Vyumba alijenga mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kadiri ya uwezo wake. Wakubwa wengine walinung'unika, wakasema kwamba serikali inajenga vyoo katikati ya uwanda mtupu. Lakini tazama tofauti iliyoko kati ya watu hao na wale wa Pangani: safari hii kazi ilianza na kiwanja, na jina la mtu likaandikwa katika daftari kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Hata hivyo wengi waliopata viwanja hawakuwa na fedha ya kumaliza chumba kimoja. Mkopo wa vifaa haukutosha, na bei ya saruji na mabati haikusubiri mtu. Basi baadhi yao, na wanawake wakiwa mbele, waliunda vikundi vya ujenzi. Kila mwanachama alitoa mchango kila mwezi. Fedha ilipotosha chumba kimoja, walipiga kura, na aliyeshinda akajengewa. Kisha wakaanza tena kuchanga, wakajenga chumba cha pili kwa mwingine, hata zamu ikawafikia wote. Chumba kilichokwisha kiliweza kupangishwa, na kodi yake ikasaidia mchango.

Huenda ukadhani ya kwamba faida ya kikundi kama hicho ni moyo wa umoja tu. La, iko faida ya hesabu, nami ningependa uifanye mwenyewe kwa kalamu. Tuseme chumba kimoja chagharimu shilingi 3,000, na mtu aweza kuweka shilingi 50 kwa mwezi. Namba hizi nimezichagua kwa wepesi wa hesabu. Akiweka peke yake, atapata chumba baada ya miezi 60, yaani miaka mitano. Sasa wachukue watu kumi wa namna hiyo. Kwa pamoja wanapata shilingi 500 kila mwezi, na kila miezi sita chumba kimoja kinasimama. Wa kwanza anapata chumba chake baada ya miezi sita. Wa pili baada ya miezi kumi na miwili. Na wa kumi baada ya miezi 60. Angalia vizuri: huyo wa mwisho kabisa, ambaye kura ilimkataa mara tisa, hakungoja hata siku moja zaidi ya muda ambao angengoja peke yake, na wenzake tisa wote wametangulia. Ukiongeza kodi za vyumba vilivyokwisha kupangishwa, hata yeye wa mwisho atapata mapema. Ukiongeza na kupanda kwa bei ya saruji, utaona kwamba mtu wa peke yake huenda asifike kamwe, maana kila anapoikaribia shilingi ya 3,000, chumba kimekuwa cha shilingi 3,500.

Akili hii haikuanzia Dandora. Watu wetu wameijua zamani katika upatu, na mbali huko Uingereza, katika mji wa Birmingham, mafundi na wafanyabiashara wadogo walifanya vivyo hivyo mwaka wa 1775. Walikutana katika nyumba moja ya vinywaji iliyoitwa Golden Cross, chini ya mwenye nyumba hiyo Richard Ketley, wakachanga kila mwezi na kupokezana fedha za kujengea. Vyama vya kwanza vya namna hiyo vilivunjwa kila mwanachama alipokwisha kupata nyumba yake. Baadaye, katika karne ya 19, vikaanza vyama vya kudumu, ambavyo baadhi yake viligeuka kuwa wakopeshaji wakubwa. Nakutajia jambo hilo ili usije ukadhani kwamba kikundi cha akina mama wanaopiga kura chini ya mti ni kitu cha ushamba. Waingereza walianza hapo hapo.

Sharti tuseme pia udhaifu wake. Katika hesabu yetu ya watu kumi, yule wa kwanza amekwisha kupata chumba katika mwezi wa sita, na bado ana deni la miezi 54. Akikataa kulipa, ni nani atakayemlazimisha? Akifa, akifukuzwa kazi, akihamia mji mwingine? Kikundi kizima kinasimama juu ya uaminifu wa watu waliokwisha kupata walichokitaka, na huo ni uaminifu wa namna ngumu kuliko zote. Vikundi vilivyofaulu vilikuwa vya watu waliojuana, waliouziana mboga, waliokopeshana chumvi, waliozika pamoja. Mwenye kutoroka deni alijua atakutana na wenzake kisimani asubuhi.

Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vilijibu udhaifu huo kwa njia nyingine. Benki ya Ushirika ilifungua milango yake mwaka wa 1968, na mwaka wa 1973 vyama vya akiba na mikopo vikaungana katika muungano wa nchi nzima. Siri ya vyama hivi ni mambo mawili. Kwanza, akiba ya mwanachama hukatwa katika mshahara kabla ya mshahara haujafika mkononi mwake, hivyo hana nafasi ya kushindana na tamaa yake. Mimi huona kwamba hapo pana hekima kubwa kuliko mawaidha elfu juu ya kujinyima. Pili, mwanachama hukopeshwa kiasi kinacholingana na akiba yake, mara nyingi hata mara tatu, mradi apate wanachama wenziwe wa kumdhamini. Asipolipa, akiba za wadhamini huguswa. Kwa hiyo mtu hutafakari sana kabla ya kutia sahihi kwa ajili ya rafiki. Walimu wengi waliofundisha wazazi wako, na wauguzi, na makondakta, walinunua kiwanja kwa mkopo wa kwanza, wakajenga msingi kwa mkopo wa pili, wakaezeka kwa wa tatu. Ndiyo maana katika mashamba yetu na pembezoni mwa miji utaona nyumba nyingi zenye vyuma vilivyochomoza juu ya ukuta. Mpita njia husema nyumba hizo zimetelekezwa, na kumbe nyingi zinangoja mkopo unaofuata.

Wala njia hii ya polepole haijapitwa na wakati. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilikuta Wakenya milioni 47.6, na ripoti za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba mikopo ya nyumba ya mabenki katika nchi nzima ni karibu 30,000 tu. Tangu mwaka wa 2018 iko kampuni maalumu ya kuyapa mabenki na vyama vya ushirika fedha za muda mrefu ili mikopo hiyo iwe nafuu, na huenda namba ikapanda. Hata sasa, Mkenya aliye wa kawaida, akipata nyumba, huipata kwa kujenga mwenyewe chumba baada ya chumba, au kwa kuirithi. Kuhusu urithi, wasichana wanaosoma kurasa hizi wajue kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, humtambua binti sawasawa na mwana. Wanawake wa Pangani hawakuwa na sheria hiyo, walitengeneza yao.

Nirudi sasa kwenye jambo lililowaangusha watu wa Pangani, yaani ardhi, kwa maana nalo halikwisha pamoja na ukoloni. Baada ya Uhuru watu wengi wa mapato madogo walijiunga katika kampuni za kununua mashamba. Kila mmoja alinunua hisa, akapewa karatasi, akangoja kugawiwa. Wako waliogawiwa, na leo wajukuu wao wanalima. Wako pia waliokuta kwamba kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili au watatu, kila mmoja akiwa na karatasi yenye mhuri, na kesi zikadumu hata wenye karatasi wakafa. Katika Dandora yenyewe wengine waliuza viwanja vyao mapema kwa kubanwa na shida, kwa mapatano ya mdomo au kwa barua iliyoandikwa mbele ya shahidi mmoja, na aliyenunua akabaki na nyumba ambayo daftari bado linasema ni ya mwingine.

Lakini mfano unaonihuzunisha kuliko yote ni ule wa Kibera. Wanubi, askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza, walipewa mahali hapo wakae, na mwaka wa 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, lilitengwa rasmi kwa ajili ya jeshi. Walijenga, wakapanda miti, wakaoa, wakazika. Hati hawakupewa. Waliahidiwa kwa mdomo, wakawekwa katika hali ya kuruhusiwa tu, na kila kizazi kilimwachia kinachofuata nyumba pamoja na wasiwasi wake. Mwaka wa 2017, karibu miaka mia moja baadaye, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya pamoja. Iliandikwa ekari 288. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo bei ya karne moja bila karatasi.

Kwa sababu hiyo, mzee mmoja fundi wa seremala niliyemfahamu alikuwa na desturi iliyowachekesha vijana. Kijana alipomjia na habari kwamba amepata kiwanja cha bei rahisi, yeye hakuuliza bei, wala ukubwa, wala kama kuna maji. Alimwuliza, "Umekwenda kwenye daftari la ardhi?" Naye kijana alipojibu kwamba muuzaji ni mtu mwema, anasali naye, mzee alirudia swali lile lile kwa sauti ile ile, kisha akaendelea kupiga randa. Daftari hilo liko wazi kwa kila mtu. Ukilipa ada ndogo waweza kuomba lipekuliwe, ukaambiwa ardhi ni ya nani na kama imewekwa rehani. Ni kazi ya siku chache. Wako watu waliotumia miaka kumi kuweka akiba, wakakosa kutumia siku hizo.

Ukipata nafasi ya kwenda Dandora, simama mbele ya mojawapo ya viwanja vile vya mwaka wa 1975 na utazame kwa makini. Pengine utaona jengo la ghorofa nne au tano, nguo zimeanikwa katika kila dirisha, na hutadhani kwamba pana historia yoyote. Lakini mahali pengine, chini kabisa, nyuma ya ngazi, bado kuna chumba cha zamani cha matofali, chenye mlango mfupi, kando ya choo na mahali pa kuogea. Hicho ndicho kilichokuwa nyumba nzima. Juu yake zimeongezwa ghorofa, nyingine na mwenyewe wa kwanza au watoto wake, nyingine na waliomnunulia. Na kule Pangani, katika miaka ya 2020, nyumba kuukuu za Baraza zilibomolewa ili pajengwe majumba marefu ya kuuzwa, na wapangaji wa zamani wakaahidiwa kwamba safari hii watapewa nafasi ya kuwa wenye nyumba.